Mguu wa Baba Mkwe

“Shika kisigino, mama. Mkono mwingine uweke chini ya goti. Sasa sukuma polepole kuelekea kifuani.”

Felista alisema hayo akiwa nje ya nyumba, amekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, mgongo kaupa ukuta. Ndani, mama mkwe wake, Esnath, alikuwa akihema juu ya kitanda cha mumewe.

“Unapinda?”

“Unapinda sana, mwanangu. Unafika mpaka tumboni.”

“Baba haumii?”

“Wala.”

Felista akaitabasamia migomba, maana hapakuwa na mwingine wa kumtabasamia. Safari ilikuwa leo. Bodaboda ilikuwa imeshafika uani na mumewe, Wilson, alikuwa akihangaika kulifunga begi kwa mpira. Usiku wangepanda basi la Dar es Salaam, na kutoka huko yeye angeruka kwenda Uingereza kufanya kazi yake ya fiziotherapia, kuwanyoosha wagonjwa viungo. Lakini alikuwa amejiapiza kwamba haondoki kijijini Kisondela mpaka mzee Jairo asimame.

Kiharusi kilimwangusha mzee kwenye shamba lake la parachichi wakati wa masika, kikamnyang'anya upande wote wa kushoto. Fizio wa hospitali alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyo huyo mkamwana wake. Na kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawaongei ana kwa ana. Mjini Tukuyu wengi wameshayatupa hayo, wanakula na wakwe zao meza moja na kutaniana. Mzee Jairo hakutupa kitu. Mtu aliyezoea kuingia matopeni ili ampishe mke wa mwanawe njiani, leo amfunulie mapaja? Hospitali alikataa kwenda, kwani huko angemkuta nani? Wilson naye ni dereva wa malori, nyumbani anapita tu. Ndiyo maana mazoezi yote yalipitia dirishani: Felista anasema, Esnath anashika.

Wazungu wa Uingereza walimsaili kwa video kabla ya kumpa kazi. Mgonjwa mzee wa kiharusi utamsimamishaje? Akawaeleza pa kuweka mikono, pa kuweka magoti, na maneno ya kumtia moyo mgonjwa, mpaka wakamsifu. Hawakumwuliza kama nyumbani kwao yuko atakayebaki kuwasimamisha wagonjwa. Chumba chake cha mazoezi pale hospitali kilifungwa jana, na hakuna aliyetajwa kuja kukifungua.

“Leo asimame, mama,” akasema. “Mkalishe ukingoni mwa kitanda. Mkumbatie kiunoni. Akanyage na mguu wa kushoto, usiogope, umeshapata nguvu.”

Kitanda kikalia. Kisha kishindo, na Esnath akapiga ukunga.

Felista hakufikiri. Alipoingia chumbani mzee alikuwa sakafuni, na kwa mkono wake mmoja mzima alikuwa akilivuta blanketi ajifunike uso. Felista akampitishia mikono kwapani, akajikaza, akamrudisha kitandani. Ndipo akauona mguu wa kushoto kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umekonda kama mpini wa jembe, unyayo umeelekea chini, na kifundo kimekakamaa. Akaujaribu. Haukupinda hata kidogo.

“Mama,” akasema. “Huu mguu haujanyooshwa.”

Esnath, aliyeanguka pamoja na mumewe, alikuwa bado sakafuni, amejishika kiuno.

“Alikataa. Alisema huu umekufa, maiti hainyooshwi. Ninyooshe huo mzima, ndio utakaombeba.”

“Siku zote hizo unaniambia unapinda!”

“Si ulikuwa unapinda? Huo mzima ulikuwa unapinda.” Mama akajifuta uso kwa kanga. “Nilitaka kukwambia, mwanangu. Lakini ulikuwa unafurahi hivyo.”

Hasira ilimpanda Felista, ikakosa pa kwenda. Amkasirikie nani? Mama aliyemtii mume wake? Mzee aliyeshika adabu aliyofundishwa? Au yeye, msomi mzima, aliyekubali kutibu mtu kwa masikio? Siku moja tu angesimama akachungulia dirishani, angejua. Hakuchungulia, kwa sababu na yeye alikuwa mkamwana mwema, na sifa hiyo aliipenda.

“Esnath,” mzee akanguruma kutoka ndani ya blanketi. “Mwambie mtoto wa watu atoke. Aende salama.”

Esnath akamtazama Felista. Felista akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika unyayo ule kwa mikono yote miwili, akaanza kuusukuma juu. Alijua kabisa kwamba hiyo ni kazi ya miezi. Wiki ijayo angekuwa anaishika miguu ya wazee asiowajua, nao wangemwachia bila aibu.

Nje bodaboda ilipiga honi. “Felista!” Wilson akaita kwa haraka. “Basi halitusubiri!”

Felista akasukuma tena, machozi yakimdondokea mzee juu ya vidole vya mguu. Mzee hakushtuka; mguu ule ulikuwa hauhisi kitu. Alikuwa amelala, anasikiliza mlango.

“Esnath.”

“Ee, baba.”

“Ameshatoka?”

Esnath akaitazama mikono ya mkamwana wake, ilivyokaza mishipa juu ya unyayo wa mumewe.

“Ameshatoka,” akasema.

Mzee akashusha pumzi ndefu chini ya blanketi. Felista akabana meno asisikike akilia, akausukuma mguu tena.