Kitanda cha Dirishani

Kila asubuhi wauguzi wa wodi ya upasuaji walitandika vitanda wakiwa wamesimama, isipokuwa kile cha dirishani. Hicho walikipigia magoti, kwa sababu kilikuwa kimezama sakafuni na kubakiza godoro na mto tu. Kilizama kidogo kila mgonjwa wa wodi hiyo alipochomwa sindano isiyo yake. Vigae vilikipisha bila kelele, kisha vikajifunga vizuri. Mfagiaji alisema kina faida yake, maana siku hizi uvunguni hakuna vumbi.

Sindano hizo zilitokana na wema. Muuguzi aliyemaliza zamu alimjazia mwenzake anayeingia mabomba ya sindano na kuyapanga kwenye trei, ili asianze kazi kwa kuhangaika. Dawa zote zilionekana kama maji, na hakuna aliyeandika juu ya bomba kilichomo ndani. Wagonjwa wengine walikawia kupona, wengine walitolewa kwa mlango wa nyuma. Asiyewajazia wenzake alihesabiwa kuwa na roho mbaya.

Muuguzi mmoja, ambaye wenzake walimtania kwa kumwita Profesa, alitaka desturi hiyo ikome. Alimwendea daktari mkuu.

"Utaratibu haubadilishwi bila utafiti," daktari mkuu alimwambia. "Na utafiti haufanywi bila ruzuku. Wewe omba, mama. Serikali ina mfuko wa utafiti wa ubora na usalama wa matibabu."

Profesa akaomba. Alipendekeza kila bomba liandikwe jina la dawa na kusomwa kwa sauti na wauguzi wawili. Matokeo yangepimwa kwa kitanda: kikiacha kuzama, njia inafaa. Alikuwa na haraka. Mdogo wake wa kike alikuwa akisubiri kupasuliwa wodini humo humo, atolewe mawe kwenye nyongo, na hakuna mtu ambaye Profesa alimpenda kama huyo.

Wizara ilimjibu kwa adabu kwamba kitanda si kipimo kinachotambulika. Akaandika upya. Ikamtaka atafute hospitali yenye kitanda kisichozama, apate cha kulinganishia. Alipiga simu kila mahali, na kila mahali walimwambia chao kimefika wapi. Mwishowe wizara ilituma wataalamu. Walikaa kando ya kitanda kama watu walio mkekani, wakakipima kwa rula, wakanywa chai na kusema kwamba ombi lina mashiko.

Ruzuku ilitolewa mwaka huo. Ilikwenda kwa watu waliotaka kuchunguza kama wagonjwa huridhika zaidi na vitanda vya chini.

Mdogo wake alipolazwa, kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha dirishani.

"Dada, hapa hata nikianguka siumii," alisema, akicheka.

"Lala huko. Maneno mengi ya nini?"

Profesa aliwaomba wenzake wasimjazie mtu sindano siku hiyo, na wote waliitikia vizuri. Upasuaji ulikwenda salama. Mdogo wake alizinduka, akauliza kama wamemtunzia mawe yake awaonyeshe watoto, akalala tena. Alasiri Profesa alitoka mara moja kupeleka ombi jipya wizarani, kwa kuwa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea.

Aliporudi, sakafu ya pale dirishani ilikuwa tambarare. Kitanda kilikuwa kimekwenda chote, na mdogo wake juu yake. Ncha ya shuka ilikuwa imebanwa kati ya vigae viwili.

"Nilijaza za jioni kabla sijamaliza zamu," alisema rafiki yake, akiwa ameshika mkoba wake tayari kuondoka. "Nikasema leo shoga yangu ana siku ngumu, wodi isije ikamwelemea. Aliyeingia akamchoma mdogo wako."

"Najua," Profesa alisema. "Asante."

Hakulia. Fundi wa hospitali alikanyaga vigae, akasema viko imara, na jua lilipozama kitanda kipya chenye magurudumu kilikuwa kimewekwa pale pale.

Profesa aliiandikia wizara kilichotokea, akaomba kiongezwe kwenye ombi lake. Safari hii jibu halikuchelewa. Ombi lake lilikuwa bora kuliko yote yaliyopokelewa, na ushahidi wake haukuwa na pengo. Kwa bahati mbaya, mwombaji alikuwa ndugu wa ushahidi huo, hivyo alikuwa na maslahi binafsi. Walimshukuru na kumtakia kazi njema.

Aliitia barua mfukoni mwa gwanda lake, akaingia wodini kuanza zamu. Kwenye trei mabomba yalikuwa yamejazwa tayari, yamepangwa vizuri. Alianza kutandika vitanda, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kile kipya cha dirishani, ilimbidi ainame kidogo.