King'ora Hakijalia

Usingizi siku hizi unanichukua bila kuniaga, na adhuhuri hii nimejilaza mkekani kidogo tu, chai iko jikoni, ninapoona maji ya mto yanaingia kwa chini ya mlango na kupanda sakafuni, nami siyashangai, navua ndala na kuyafuata. Chini ya maji iko kambi yetu ile ile ya wafanyakazi wa mkonge, nyumba kwa nyumba, ila imepinduka, mapaa chini na milango juu, na moshi wa majiko unashuka badala ya kupanda. Napita katikati yake. Sina hofu wala furaha, sijawa nazo tangu tumzike mume wangu, Shemweta, mwaka juzi. Siku ile watu walisema nimejikaza. Sikuwa na cha kukaza. Barabara ya kiwandani inaanza hapo na haitaki kwisha, kila kona inanileta kwenye geti lile lile, na kila nikilifikia rangi yake ni nyingine. Mara lina jina la bwana wa kigeni aliyejenga kiwanda ukingoni mwa mto kwa sababu korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, inataka maji mengi. Mara limeandikwa mali ya umma na watu wanacheza ngoma mbele yake. Mara lina jina la mnunuzi aliyekuja na kofia nzuri, akang'oa reli za vitoroli, akaziuza kama chuma chakavu, asionekane tena. Halafu ni kutu tupu, na mti umeota ndani ya bomba la moshi.

Getini amesimama nyapara asiye na uso, pale penye uso pana ngozi tu, laini kama ya kisogo cha mtoto. Namwambia namtafuta mume wangu. Yuko kazini, anasema. Namwambia kiwanda kilishafungwa. Kimefungwaje, na king'ora hakijalia? Nami najua ni kweli, siku ya mwisho umeme ulikatwa katikati ya zamu, na kwetu mtu haiachi korona mpaka king'ora kilie. Waliondoka kinyonge, mmoja mmoja, kama waliofukuzwa msibani. Shemweta mpaka anakufa alikuwa akiketi uani alasiri, namwita ndani, ananiambia bado, mama Hidaya, hakijalia, na sisi tunacheka. Basi nionyeshe king'ora nikakilize, namwambia nyapara, mume wangu apumzike. Naye anasema, kinacholia hawakisikii, wanachokisikia hakilii, kisha ananipisha. Napanda ngazi zilizoliwa na kutu, navuta mnyororo, na king'ora kinalia hadi mabati yanatetemeka. Chini, kwenye mstari mrefu wa korona, hakuna anayeinua kichwa.

Ndipo nakumbuka Shemweta alivyokuwa akiniamsha, haniiti, ananigusa bega. Kelele za korona ziliwala masikio wote, king'ora alikisikia yule wa mlangoni peke yake, naye humgusa bega aliye mbele yake, huyo wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukishaguswa huruhusiwi kubaki. Nashuka, namgusa wa kwanza. Anamgusa mwenziwe, anavua aproni ya gunia, anatoka, na mabega yanaguswa, na aproni zinaanguka, na wote hawana nyuso, mpaka amebaki wa mwisho, naye anao, ni uso wa Shemweta mwenyewe na singa nyeupe za mkonge zimenasa kwenye nyusi. Nangoja moyo ushtuke. Haushtuki, na hilo linaniuma kuliko kifo chake. Twende nyumbani, namwambia, chai iko tayari. Anatazama midomo yangu, kama alivyozoea tangu masikio yalipokufa. Mama Hidaya, anasema, na wewe nani amekugusa? Hakuna, namwambia. Basi bado uko zamu. Anapita nyuma yangu, nami sigeuki, na ninausikia mkono begani, mzito, umelowa.

Naamka mkekani. Jua limeinama. Bega linawasha kama yanavyowasha maji ya mkonge, na mezani viko vikombe viwili, kama ninavyoviweka kila alasiri tangu mazishi. Ukishaguswa huruhusiwi kubaki. Nachukua kikombe chake, nakisuuza, nakifungia kabatini, na machozi yanakuja, machache, kwa kukohoakohoa, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji. Nalia nikiwa nimesimama. Halafu huko mtoni, palipobaki kuta na popo tu, naisikia korona ikinguruma. Mwajabu, jirani yangu, anapita uani na ndoo yake. Namwuliza kama na yeye anaisikia. Anaiweka ndoo chini, anasogea karibu, na anatazama midomo yangu, kama mtu aliyezibwa masikio na kelele.