Sili Mpya ya Teksi ya Kaka

Kaka yangu alipoleta teksi yake kwangu, alianza kwa kuchungulia stoo. Akakohoa, ndipo akasema injini inavuja oili. Nilijua anatafuta nini. Tangu baba afariki na sanduku lake la vifaa litoweke, kaka ana hakika nililiuza. Sikuliuza. Lingekuwa mikononi mwangu, ningefungua injini za watu kwa misumari na vipande vya bomba? Lakini mtu akishakuweka moyoni kuwa mwizi, hata ukipiga chafya anashika mfuko wake.

Oili ilitokea nyuma ya puli inayozungusha mkanda, kwenye sili ya krenki, ile pete ya mpira inayoubana mhimili wa injini. Nikamwambia akanunue mpya mwenyewe, asije akasema nimemtia cha juu. Akaenda, akarudi nayo mfukoni, na akakataa kunipa mpaka nitakapoihitaji. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti yangu.

"Nikwambie, mdogo wangu," akasema. "Ikivuja tena, mimi na wewe basi. Tutaonana msibani."

Nikaitoa puli. Sili kuukuu niliitoboa vitundu viwili kwa msumari, nikakaza humo skrubu mbili za seremala, nikazivuta kwa koleo, upande huu kidogo, upande ule kidogo, nisije nikaukwaruza mhimili. Akauliza skrubu nimezitoa wapi. Nikasema kwenye kitanda kibovu. Akauliza kitanda cha nani. Nikainamia kazi, maana jibu nililokuwa nalo halikuwa la kumpa mkubwa wangu.

Ndipo akanipa ile mpya. Niliipaka grisi harakaharaka, pumzi yake shingoni mwangu, nikaikalisha mahali pake. Juu yake nikaweka kipande cha bomba la maji kinacholingana nayo, nikazibia kwa bati nene lenye tundu, nikakaza bolti ya puli polepole mpaka sili ikazama sawasawa. Nyundo haikugusa kitu. Kusema kweli nilijisikia fundi.

Wiki haikuisha akarudi na mkewe, gari likidondosha oili. Hakupaza sauti. Alisema nimemchomekea sili chakavu, ile yake nimeificha niiuze. Shemeji akatazama pembeni. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Nikafungua tena mbele yao, kwa skrubu zilezile. Nikaifuta sili kwa kitambaa, nikaipeleka mwangani. Kwenye mdomo wake wa ndani, pale panapogusana na mhimili, palikuwa na mkato mwembamba wenye umbo la msalaba. Nikapitisha ukucha kwenye mhimili: laini, hauna hata mchubuko. Kabla sijafungua kinywa, kaka akaninyang'anya sili, akaikodolea macho, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Alama yangu hii. Niliichora kwa wembe, nikaiweka kwa ndani usiione. Kumbe hukunibadilishia, mdogo wangu."

Akanikumbatia, na grisi yangu yote. Nilitamani tubaki hivyo. Lakini gari ndilo linalolisha watoto wake, kwa hiyo nikamwambia taratibu kwamba hapo alipokata kwa wembe ndipo oili inapopenya.

Akaniachia. Akaitazama sili, akanitazama mimi, uso ukajikunja tena.

"Na wewe," akauliza, "umejuaje?"