Hauna Jibu

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Mwalimu wa hisabati alipohama, mkuu wa shule yetu ya watu wazima alinikabidhi chaki na kuniambia nijikaze kisabuni. Nikajikaza. Milinganyo ya kipeo cha pili niliijua kwa njia moja tu: unatafuta namba mbili, ukizizidisha zilete ile ya mwisho, ukizijumlisha zilete ile ya katikati. Mazoezi niliyatunga kinyumenyume. Nilianza na namba zangu mbili, nikaunda swali kutoka hapo, kwa hiyo sikushindwa hata siku moja, na wanafunzi wakaniona bingwa.

Siku moja fundi cherehani, mbishi kuliko wote, alileta swali lake kutoka kitabu chakavu: x² + 6x + 4 = 0. Nikahangaika nalo ubaoni. Moja na nne, tano. Mbili na mbili, nne. Sita haikutokea. Darasa zima lilinikodolea macho, na badala ya kusema sijui, nikasema, "Mlinganyo ukiukosea zile namba mbili, andika: hauna jibu."

Wote wakaandika. Fundi alipoanza kubisha, nikamwambia yeye ashone, mimi nifundishe. Mficha uchi hazai, nalijua hilo, ila siku ile niliona bora heshima yangu.

Mdogo wangu, mwanafunzi wa darasa hilohilo, naye aliandika, kwa herufi kubwa. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akipiga deki wodini, na chuo cha uuguzi hakichukui aliyepita miaka thelathini na mitano. Yeye anayo thelathini na mitano. Mtihani wa taifa wa mwaka huu akifeli, hana mwingine.

Asubuhi ya mtihani msimamizi mmoja hakufika, na mkuu wa kituo cha mtihani akanivuta mimi. Masharti aliyasoma mlangoni: msimamizi akitoa neno au ishara yoyote juu ya swali, matokeo ya chumba kizima yanafutwa. Kisha akaketi mbele, akatutazama bila kupepesa.

Karatasi zilipogawiwa nikachungulia swali la saba. Alama ishirini. x² + 6x + 4 = 0. Chini yake: "Toa majibu kwa nafasi mbili za desimali."

Majibu.

Nikapita kwa fundi. Alikuwa amechora mraba wenye upande x, kama anayepima kitambaa. Ile sita ameigawa nusu, vipande viwili vyenye upana wa tatu, kimoja kulia, kimoja chini. Kwenye kona palibaki pengo la tatu kwa tatu. Akaliziba kwa tisa, na upande wa pili wa mlinganyo akapata tano. Basi x kujumlisha tatu ni kipeuo cha pili cha tano, chanya au hasi. Hasi 0.76 na hasi 5.24. Nikazijaribu kichwani. Zilikuwa sahihi zote mbili.

Nikatembea safu kwa safu. Dereva: hauna jibu. Muuza duka: hauna jibu. Mwandiko tofauti, ujinga wangu uleule. Nilitamani kupiga kelele, lakini nilipofungua mdomo mkuu wa kituo aliinua kichwa, nami nikaufunga. Niliogopa kuwafutia wote. Niliogopa pia, nisidanganye, kwamba wangejua.

Mdogo wangu alikuwa amekwama hapohapo. Kidole chake kilikuwa juu ya neno "desimali". Alisoma, akasoma tena, akakunja uso. Kisha akaniinulia macho, akasubiri.

Mkuu wa kituo alikuwa akinitazama mimi. Nikageukia dirishani, nikahesabu nondo, na nilipothubutu kutazama tena mdogo wangu alikuwa ameshaandika maneno mawili na kuyapigia mstari. Zilibaki dakika arobaini. Akafunga kalamu.

Alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili. Nje, kwenye ngazi, alinisubiri.

"Kaka, lile la saba lilitaka kunichanganya," alisema, akicheka kwa ahueni. "Eti desimali. Nikakumbuka ulivyotufundisha, nikasema hawa wananitega. Nimefanya sawa, au?"

Nikampigapiga begani.

"Umefanya sawa," nikamwambia.