Keki Chumbani, Mkwe Mlangoni

Sekela alikuwa ameufagia uwanja asubuhi ile mpaka ufagio wenyewe ukachoka kumwona. Anafagia kidogo, anautupa, anakimbilia kibanda cha jiko. Anainua kifuniko chenye makaa juu yake, ananusa, anafunika. Anatoka tena nje, anautazama mlima Rungwe. Mlima haupo, umejifunika mawingu. Mtu wa Tukuyu akiona mlima umejifunika ajue mvua inakuja, na akiuona uko wazi ajue vilevile inakuja, kwa hiyo kule kuutazama kulikuwa ni kuipa shingo kazi tu.

"Wewe Mama Atupele, ukiifunua tena hiyo keki nitakupiga mwiko," Mwanaamina alimwambia. "Keki si mume, mpaka uichungulie kila saa."

"Mbona haiumuki, Mama Samira?"

"Itaumukaje na wewe unaitia baridi? Kaa chini!"

Sekela akakaa, na kabla kigoda hakijapata joto akainuka.

Mwanaamina alikuwa jirani yake hapo Makandana, mke wa Mzee Jaffari mwenye duka la khanga na mafuta ya taa, na yeye ndiye aliyeleta balaa lote. Zilikuwa siku za ruksa. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanasahau foleni za sabuni, na kila lori lililotoka Mbeya lilishusha kitu kipya: leo mitumba, kesho redio, keshokutwa mapulizo ya rangi. Safari moja likashusha bethidei. Watoto wa Tukuyu walikuwa wakizaliwa tangu zamani bila kumsumbua mtu, mama anapata uchungu mara moja, imekwisha. Sasa ikabidi mtoto azaliwe kila mwaka.

Samira binti Jaffari alizaliwa upya kwa keki na pilau. Atupele, bintiye Sekela wa darasa la kwanza, alialikwa, akarudi na pulizo jekundu mkononi na uso mrefu.

"Mama, hivi mimi nilizaliwa?"

"Ulizaliwa, mwanangu. Ungefikaje hapa?"

"Mbona hatukukata keki?" Kisha akaeleza, na mikono ikieleza pamoja naye. "Samira, mama yake alimshika mkono hivi, wakashika kisu wote wawili, wakakata. Halafu akamlisha. Na wewe utanishika mkono?"

"Nitakushika."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

Neno hilo likamkaa Sekela kifuani. Alikuwa muuza nyanya sokoni, anatoka mtoto amelala, anarudi mtoto anasinzia. Sehemu ya mama ambayo Atupele aliifahamu vizuri ilikuwa mgongo. Kumshika mkono pale mezani, watoto wenzake wote wakitazama, Sekela alikutaka kuliko hata mtoto mwenyewe.

Lakini bethidei inataka mali, na mali ilikuwa haijapita mlango ule. Basi Sekela akatunga sheria yake: hatununui kitu, ila yeyote atakayetoa chochote, huyo amealikwa. Mwanaamina akatoa mayai na ufundi. Mama wa jirani akatoa pasheni za kukamulia maji ya matunda. Kwaya ya kanisani ikaazima mabenchi, na kwaya nzima ikaalikwa, ila kwa rehema za Mungu siku hiyo walikuwa na mkutano wa injili huko Kyela. Mpeleka habari alikuwa Atupele, naye aliishika sheria ile kuliko alivyozishika amri kumi.

Jumamosi ya kabla ya bethidei, Ezron, mumewe Sekela, akamchukua mtoto kwa baiskeli mpaka Nkunga kwa babu, Mzee Andongwisye, kuomba ndizi. Mzee akatoa mkungu mzima na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ezron akiwa ameinama anafunga mkungu kwenye kerea, Atupele akamsogelea babu yake, akamwambia taratibu:

"Babu, umetoa kitu. Umealikwa."

Nyumbani mama hakuulizia habari za walioalikwa, na mtoto hakusema.

Sasa, asiye wa huku anaweza kuuliza, babu kuja kwenye bethidei ya mjukuu kuna ubaya gani? Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawali pamoja. Mwanamke akimwona mkwe kwa mbali njiani, anaacha njia, anaingia migombani na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Hata jina lake halitaji. Tangu aolewe, Sekela alikuwa hajamwona Mzee Andongwisye zaidi ya kofia yake, nayo ikiwa inakwenda zake. Alimwita "mzee wa Nkunga", na hata hilo kwa sauti ya chini.

Mchana mvua ikashuka kama iliyokuwa inasubiri wageni wafike. Watoto wakajaa sebuleni, wananuka sweta mbichi, wanapasua mapulizo, wanagombea benchi. Sekela hakutulia. Anapanga vikombe, anavipangua. Anakwenda dirishani kumtazama Ezron, aliyekwenda Kiwira kuazima redio kaseti kwa rafiki yake wa mgodini. Haonekani. Akaipitisha keki katikati ya watoto, akaiingiza chumbani nyuma ya pazia ili aichomeke mshumaa pasipo vidole vya watu. Keki ilikuwa imebonyea katikati, na aliyeibonyeza kwa kuifunuafunua alijijua.

Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule yenye mlango wa nje, na chumba kile, basi. Dirisha la chumbani lilikuwa la kupitisha paka, tena paka aliyekonda.

Hapo ndipo Sekela aliposikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha mwanamume mtu mzima, kisicho na ugonjwa ndani yake, kile wazee wanachotanguliza nyumbani kwa mtoto wao ili mkamwana apate kuondoka. Sekela akachungulia penye upenyo wa pazia. Mlangoni akaona kofia. Akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, keki nusura imponyoke.

"Ugonile, mama," Mzee Andongwisye alimsalimu Mwanaamina, huku akikung'uta koti lake refu. Akachagua kiti kizuri kuliko vyote, akakivuta mpaka karibu na pazia, akaketi. "Nimekohoa kule kwenye migomba, nikangoja. Nikakohoa tena, nikangoja mpaka nimelowa. Nikasema, sasa atakuwa ameshatoka. Na kweli ametoka! Nina mkamwana mwenye heshima mimi. Hawa wa siku hizi wangebaki hapahapa wananikodolea macho."

"Heshima anayo, mzee," Mwanaamina alisema, akiuma midomo. "Tena iko karibu sana."

Mvua juu ya bati na kelele za watoto vilikuwa vimekimeza kikohozi cha kwanza na cha pili. Mwanaamina akajifanya anafuata sahani, akaingia nyuma ya pazia.

"Nifanyeje?" Sekela alinong'ona. Alikuwa anazunguka na keki mkononi kama anayetafuta mahali pa kuizika.

"Toka ukamwamkie. Kwetu mkwe ni baba."

"Kwenu! Usinichezee, Mama Samira, naona moyo unatoka. Mtoe. Mpeleke dukani kwenu akanywe chai."

Mwanaamina akatoka. "Mzee, hapa watoto watakutia kelele bure. Karibu kwetu, kuna chai ya tangawizi, na Mzee Jaffari yuko."

"Ndaga, mama, nashukuru. Ila mimi nimealikwa bethidei, sikualikwa chai."

Mwanaamina akarudi nyuma ya pazia. "Mng'ang'anizi. Nipe keki niipeleke mimi, watoto wakate, wale, waende. Yeye ataondoka, wewe utatoka."

"Nilimwahidi nitamshika mkono."

"Utamshika kesho. Mkono si utakuwepo?"

Sekela akamwachia keki. Mikono yake ilipobaki mitupu, akawa hajui pa kuiweka. Akaiweka kichwani, akaishusha, akaikunja kwapani.

Sebuleni keki ikapokewa kwa vigelegele. Mshumaa ulikuwa kipande tu kilichobaki siku umeme ulipokatika, ukawashwa. Wakaimba. Wimbo ukaisha.

"Haya Atupele, zima, ukate," Mwanaamina alisema.

"Mama yuko wapi?"

"Anakuja. Kata kwanza."

"Akija ndiyo nakata."

"Nta inadondokea keki, mwanangu."

"Idondoke."

Nyuma ya pazia Sekela aliyasikia yote. Akainua mguu, akaurudisha. Akavuta khanga akajifunika gubigubi, akapiga hatua, akasimama. Haikusaidia kitu. Hata ungejifunika gunia, kuingia mahali alipokaa mkwe ni kumtukana mbele za watu, na habari ingefika Nkunga kabla ya mzee mwenyewe. Akasikia watoto wakianza kunong'onezana. Akasikia Samira akisema, "Mimi mama yangu alikuwepo." Akaung'ata ukucha mpaka ukaisha, akahamia mwingine.

"Mjukuu wangu," babu akasema kwa upole, "mama yako ameondoka kwa ajili yangu. Ndivyo inavyotakiwa. Kata tu."

"Hajaondoka," Atupele akajibu. "Yumo chumbani. Hapo nyuma yako."

Mzee Andongwisye aliinuka kwa kasi hata kiti kikaanguka. Ilikuwa zamu yake sasa kuona aibu. Mtu mzima, mwenye mvi zake, amemfungia mkamwana mlango kisha akaketi hapohapo kumsifu kwa kuondoka!

"Mwe! Kumbe nimemziba!" Akaishika kofia, akaiendea mvua.

Atupele akadaka pindo la koti. "Babu, usiende! Ulitoa ndizi. Umealikwa."

"Niache, mwanangu, mama yako atoke."

"Na mama naye ametoa!" Mtoto akaangua kilio. "Ametoa unga, na sukari, na vikombe. Na yeye amealikwa! Wote mmealikwa!"

Sheria ilikuwa sheria. Mzee akabaki kizingitini, bega moja linalowa, jingine kavu. Akaitazama mvua. Akamtazama mtoto. Mshumaa ulikuwa umebaki kama ukucha.

Akarudi. Akakiokota kiti, akakipeleka pembeni kabisa, akaketi akiielekea kona. Kisha akalivuta koti mpaka juu ya kichwa, akalifunga vifungo kwa ndani, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Zikabaki ndala mbili chini.

"Mama Samira," sauti ikatoka humo, "mwambie aliye ndani kwamba mzee wa Nkunga ameondoka. Hapa limebaki koti."

Watoto wakacheka mpaka benchi la kwaya likapinduka. Mwanaamina alikuwa amejishika mbavu ukutani.

"Anachungulia?" Sekela akauliza kwa unyonge, nyuma ya pazia.

"Hata sikio halionekani. Toka, mwali, mshumaa unakufa!"

Sekela akatoa jicho moja. Akaona koti limejaa kama gunia la makaa ya mawe. Akaivuta khanga mpaka kwenye nyusi, akatoka akiambaa na ukuta wa pili, haraka, bila kukanyaga kwa kisigino, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Akafika mezani. Akaushika mkono wa mwanawe, ule wenye kisu, ukiwa umelowa machozi. Atupele akapuliza. Wakakata.

Kwa juu keki ilikuwa imeungua, katikati ilikuwa uji. Hakuna aliyelalamika. Mama akamlisha mtoto, mtoto akamlisha mama, na Sekela hakuweza kutafuna vizuri kwa kuwa alikuwa anacheka na analia kwa mdomo uleule.

Ezron akaingia, amelowa kichwa mpaka miguu, redio kaseti ameifunga kwenye nailoni kama kichanga. Akaangaza macho. Akamwona mkewe. Akaliona lile lililoko konani.

"Hili koti la nani?"

"Halina mwenyewe," Mwanaamina akamjibu. "Weka kaseti."

Akaweka. Watoto wakaanza kuruka hata sakafu ikatikisika. Atupele akachukua kipande cha keki, akainama, akaingia nacho chini ya koti. Koti likatikisika, likatulia. Mtoto akatoka mbio.

"Mama, koti linasema keki ni tamu."

"Liambie ndaga," Sekela akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kumpelekea mkwe tangu aolewe. Halafu akaanza kucheza, khanga kichwani, kaikamata mikono yote miwili ya binti yake. Tangu asubuhi hakuwa ametulia, na sasa pia hakutulia, lakini huku kulikuwa kutotulia kwa namna nyingine.

Atupele akaitwa tena konani. Akasikiliza, akarudi.

"Koti linasema jasho linalitoka humo ndani. Linaomba mama uingie chumbani kidogo tu, lipumue."

Kaseti ilikuwa ndiyo kwanza imegeuzwa upande wa pili.

"Liambie livumilie," Sekela akasema, akizunguka na mwanawe. "Huu wimbo ndio ninaoupenda."