Salamu za Baba Mkubwa

Kwa Wolfgang, mtoto asiyeamkia wakubwa hakuwa mtoto, alikuwa hasara. Aliyasema hayo kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa vikaoni, na Oliva akamsikiliza huku akipukuchua mahindi, midomo ameibana. Wolfgang alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, mstaafu wa serikali, mwenye nyumba Katesh iliyojaa makochi yasiyokaliwa na mtu. Oliva alihitaji chumba kimoja tu humo. Shule yenye mwalimu wa watoto kama binti yake Belinda ilikuwa Katesh, na mtoto wa miaka mitano hawezi kwenda huko na kurudi kijijini kwao Gitting kila siku.

"Nakuja Jumapili," Wolfgang alisema. "Akiniamkia, chumba chenu. Asiponiamkia, mimi silei ujeuri kwangu."

Simu ilipokatika, Oliva alisonya. "Anajidai anajua, hajui kitu."

Alisema hivyo kila Wolfgang alipopiga, na Wolfgang alipenda sana kupiga. Pembeni, Belinda alikuwa akipanga magunzi kwa mstari. Hakuinua kichwa.

Watu walisema Belinda haongei, na Oliva aliwadharau watu hao kwa moyo wake wote. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mtoto ana usonji, akamwambia amsikilize. Basi alimsikiliza. Belinda aliazima sentensi nzima nzima za watu, na kila moja alijua pa kuiweka. Akitaka chai alisema, "Maji yamechemka." Akiogopa, "Fungeni mlango, kuna upepo," hata kama nje jua linawaka. Mgeni akiaga, alisimama mlangoni na kutamka kwa sauti ya padre, "Misa imekwisha, nendeni na amani." Bibi Fransiska, mama mkwe, alisema hiyo ni redio tu, na nani anajibizana na redio? Tomaso, mumewe, alisema tusubiri, kama alivyosema kuhusu kila jambo tangu wafunge ndoa.

Wiki nzima Oliva alimfundisha mtoto. "Sema shikamoo."

"Sema shikamoo," Belinda alijibu, vizuri kabisa, na hapo ndipo walipokwama.

Jumapili Wolfgang alifika amevaa koti la suti, bodaboda ikamsubiri nje. Akakalia kiti pekee chenye mto, kando ya mama yake, Bibi Fransiska, na kuzipokea shikamoo za mdogo wake na za Oliva polepole, macho nusu ameyafumba. Kisha akamgeukia mtoto.

"Haya. Sema shikamoo."

"Sema shikamoo."

"Nani aseme? Mimi ndiye nikuamkie wewe?"

Akaanza kuhutubia. Watoto wa siku hizi, simu, wanawake wanaodekeza. Yeye alilea wanawe kwa fimbo, na wote wakanyooka. Oliva aliwajua hao walionyooka. Wawili walikuwa bado wanalala kwa baba yao mpaka saa nne asubuhi. Belinda aliziba masikio. Wolfgang akapaza sauti zaidi, akidhani tatizo ni kutosikia.

Ndipo Belinda akashusha mikono. Akasonya, msonyo mrefu wa mama yake, na kwa sauti ya mama yake akasema: "Anajidai anajua, hajui kitu."

Bibi Fransiska ndiye aliyewahi kusema. "Usimjali, mwanangu. Huyo hajui anachosema."

"Kweli, kaka," Tomaso akadakia. "Anarudia tu."

Wolfgang alimkazia macho Oliva. "Mama Belinda. Anajua anachosema, au hajui?"

Alikuwa anauliza kuhusu chumba, na wote walielewa hivyo. Kujibu "hajui" kungetosha; Wolfgang angesamehe kwa mbwembwe, na Januari Belinda angekuwa darasani. Neno lilimfika Oliva mdomoni, akalizuia. Lilikuwa neno la watu wote aliowadharau.

"Anajua, shemeji," alisema. "Maneno ni yangu, niliyasema mimi, na kwa hilo nakuomba radhi. Lakini pa kuyasema amepachagua mwenyewe."

Wolfgang akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Basi mkatafute chumba kwa wenye kujua."

Tomaso alimkimbilia na mfuko wa maharage, eti zawadi. Oliva alibaki ameketi. Aliogopa. Hakuwa na ndugu mwingine Katesh, na aliyemnyima mtoto shule alikuwa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Belinda alikwenda kusimama mlangoni. "Misa imekwisha, nendeni na amani."

"Tumshukuru Mungu," Bibi Fransiska akaitikia, kwa mazoea ya maisha yake yote, kabla hajajizuia.

Belinda akageuka. Akamtazama bibi yake kwa muda mrefu, uso kwa uso, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Maji yamechemka," alimwambia.

Bibi Fransiska akamtazama Oliva, kisha akamtazama mtoto. Akashika magoti yake, akainuka na kwenda jikoni kubandika chai.