Bodi Isiyolingana na Lebo

Daktari wa macho alisema Benedetta amebakiwa na wiki chache za kuona, labda mwezi. Mke wangu hakulia. Tulipofika nyumbani Malaba aliniuliza jambo moja tu: "Nitamwona Amuge kabla?"

Amuge ni binti yetu wa mwisho. Anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, na mwajiri wake humruhusu kupiga simu Ijumaa mchana tu. Kila Ijumaa husema yuko sawa. Benedetta haamini.

"Sauti unaweza kuipaka mafuta," husema. "Uso hapana. Nipe uso wa mtoto wangu."

Kwenye simu alikuwa haoni tena kitu ila mwanga. Kwenye skrini kubwa ya kompyuta yangu, akisogea karibu, bado aliweza kututambua katika picha za zamani. Lakini mashine ilikuwa imezeeka. Video ilikwama kila baada ya sekunde mbili, na uso wa mtu ukabaki vipande vipande. Nikaamua kubadilisha prosesa na kuongeza memori.

Okwara, fundi mwenye kibanda karibu na yadi ya malori, alinisikiliza huku akipuliza vumbi kutoka kwenye laptopu ya mteja.

"Mzee Elungat, leta hiyo mashine tufungue kwanza. Prosesa lazima iingiane na soketi ya bodi, ile sahani ya ndani inayobeba vifaa vyote. Memori pia iko na aina yake. DDR4 haiwezi kuingia mahali pa DDR3."

"Hayo nimesoma. Modeli imeandikwa mgongoni mwa mashine. Nimetafuta maelezo yake yote, haya hapa."

Akaitazama karatasi yangu. "Huu mwandiko ni wa mtihani kabisa! Lakini mzee, hii ni lebo ya kasha. Kasha si bodi. Kama hutaki kufungua, washa tu, mashine yenyewe itakuambia jina la bodi yake."

"Okwara, nimekuwa karani wa kupitisha mizigo kwenye mpaka huu miaka thelathini na moja. Karatasi ikilingana na karatasi, lori linapita."

"Na kama karatasi inasema saruji, na ndani kuna ng'ombe?"

Wateja wawili wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilinunua vifaa Busia, vyote vya kizazi kilichotajwa kwenye lebo, na Alhamisi asubuhi nikaketi navyo mezani mbele ya dirisha. Nilikuwa nimetazama video tatu za mafunzo. Nikaondoa feni, nikatoa prosesa ya zamani, nikaweka mpya. Haikulala sawa, kona moja ilibaki juu. Nilidhani ni ugumu wa kitu kipya. Nikakishusha kile kishikio cha chuma kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja kizima. Kukasikika mlio kama wa mchele mbichi ukitafunwa.

Memori nayo ikakataa kabisa. Mkato wake haukukutana na ule wa nafasi yake. Ndipo nilipovaa miwani na kusoma maandishi madogo kwenye bodi: DDR3. Haikuwa bodi ya lebo ile.

Nikakumbuka. Miaka minne nyuma radi ilipiga nyaya za umeme mtaani kwetu. Nilimpelekea mashine fundi mmoja, ikarudi ikiwaka. Risiti yake ilisema "matengenezo", basi. Kwangu mimi, jambo lisiloandikwa lilikuwa halijatokea.

Okwara alikuja mwenyewe saa kumi. Akainua prosesa, akamulika soketi kwa simu yake. Pini zilikuwa zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Hata ile ya zamani haiwezi kurudi hapa, mzee. Na bodi kama hii sina. Ni ya kitambo. Nikiagiza Nairobi inaweza chukua wiki mbili."

Ilichukua tatu. Okwara aliifunga vizuri, na video ikatiririka kama maji. Ijumaa hiyo nilimketisha Benedetta mbele ya skrini, uso wake karibu uguse kioo. Amuge akatokea.

"Washa basi," Benedetta akasema. "Saa inaenda."

Nikaongeza mwanga wa skrini hadi mwisho.

"Yoga, toto," Amuge akamsalimu kwa lugha yetu, ambamo toto ni mama.

Benedetta aliweka mikono magotini. Kisha akageuza kichwa upande niliposimama. "Yukoje?"

Binti yangu alikuwa amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na weusi, naye aliufunika kwa mkono alipoona ninautazama. Akanitikisia kichwa, kidogo sana.

"Amenenepa," nikasema.

"Mashavu?"

"Yamejaa."

Benedetta akanyoosha mkono, akaipapasa skrini toka juu hadi chini, taratibu, kama anayetafuta mfupa.

"Kioo tu," akasema. Kisha akamwuliza mtoto leo amekula nini.